Dawa ya Deni na Deni la Dawa: Methali, Tamthilia na Mgonjwa Anayedaiwa

1. Utangulizi

Wahenga walisema, dawa ya deni ni kulipa. Methali hii imo katika mikusanyiko mingi ya methali za Kiswahili, na walimu huitumia darasani kama mfano mwepesi wa methali ambayo maana yake haihitaji kuchimbuliwa. Mimi nami niliifundisha hivyo kwa miaka mingi, mpaka siku moja nilipoisikia mbele ya dirisha la malipo la hospitali moja. Mzee mmoja alikuwa akimweleza karani kwamba mkewe amekwisha kupona, kwamba daktari amekwisha kutia sahihi, na kwamba yeye ameuza alichokuwa nacho lakini fedha hazikutosha. Karani hakumtukana wala hakumpandishia sauti. Alimwambia kwa upole, "Mzee wangu, dawa ya deni ni kulipa," kisha akamwita mtu aliyefuata. Mzee alinyamaza. Hakuwa na methali ya kumjibia.

Makala haya yametokana na ule ukimya. Methali, kama ijulikanavyo, aghalabu hujibiwa kwa methali. Aambiwaye haraka haraka haina baraka aweza kujibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwa nini basi mtu mzima, tena mjuzi wa lugha yake, akose jibu mahali pale? Je, ni upungufu wa hazina ya lugha, au ni kwamba methali ile ilikuwa imetumiwa mahali pasipokuwa pake, na mzee hakupewa nafasi ya kusema hivyo?

Nitajaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, methali zetu zimeliweka deni na ugonjwa katika nyua mbili tofauti, na kila ua una maadili yake. Pili, tamthilia mbili mashuhuri za Ulaya zilizoukosoa utabibu wa kutafuta faida zimemchora vizuri mwuzaji wa matibabu, lakini zimemwacha nje ya jukwaa mtu ambaye sisi tunamwona kila siku, yaani mgonjwa anayedaiwa. Tatu, maneno tunayoyatumia katika hospitali zetu yanasaidia kumficha mtu huyo, na hapo ndipo mwanalugha na mhakiki wanapokuwa na kazi.

2. Nyua mbili za methali

Tuanze na deni. Methali inayoongoza ni kukopa harusi, kulipa matanga. Inasawiri hali mbili za mtu yule yule: furaha ya kupokea na huzuni ya kurudisha. Uzito wake wa kimaadili umo katika neno harusi. Mkopaji alifurahi, alipata kitu alichokitaka, kwa wakati alioutaka, na kwa kiasi alichokikubali. Ndiyo maana akilia wakati wa kulipa hatumwonei huruma nyingi. Methali ya dawa ya deni imejengwa juu ya msingi huo huo. Sitiari ya dawa inamfanya mwenye deni kuwa mgonjwa aliyejitia ugonjwa kwa mkono wake, na ambaye tiba yake imo katika uwezo wake akitaka.

Sasa tuingie katika ua wa pili. Huko tunazikuta mgonjwa haulizwi uji na maiti haulizwi sanda. Hebu tuangalie sarufi yake. Kitenzi ni kimoja katika methali zote mbili, nacho kimo katika kauli ya kutendwa na katika hali ya kukanusha. Mgonjwa na maiti si watenda. Ni watu ambao jambo linatendwa juu yao. Methali ya kwanza hutumiwa zaidi kuwahimiza watu wasaidie bila ya kungoja kuombwa, na ya pili hutumiwa juu ya mnyonge asiyekuwa na hiari. Lakini zote mbili zinakubaliana katika jambo moja: ugonjwa na mauti humwondolea mtu uwezo wa kuchagua, na wajibu wa kutenda huwahamia walio wazima.

Tofauti ya nyua hizi imo pia katika maumbo ya maneno. Mkopaji ni jina la mtenda, kutokana na kukopa. Mdaiwa ni jina linalotokana na kauli ya kutendwa: ni yule ambaye wengine wanamdai. Kiswahili cha zamani kilikuwa na mwia na mwiwa kwa tofauti ya namna hiyo hiyo kati ya anayedai na anayedaiwa. Katika maisha ya kawaida mtu aliyekuwa mkopaji jana ndiye mdaiwa leo, na kwa hiyo tumezoea kuyachukulia maneno hayo mawili kama visawe. Si visawe. Mtu aliyeletwa hospitalini usiku akiwa hajitambui, akapasuliwa, akazinduka siku ya tatu na kuikuta bili inamngoja, huyo ni mdaiwa ambaye hakupata kuwa mkopaji. Matanga yamefika lakini harusi haikuwako.

Jambo hili halijulikani na wahenga peke yao. Mwaka 1963 Kenneth Arrow, mchumi wa Marekani, aliandika makala ambayo imekuwa nguzo ya taaluma ya uchumi wa afya. Alieleza kwamba matibabu hayawezi kuchukuliwa kama bidhaa nyingine za sokoni, kwa kuwa haja yake huja bila ya kutazamiwa, na kwa kuwa mgonjwa hana ujuzi wa kupima anachouziwa, na hivyo hulazimika kumwamini yule yule anayemwuzia. Msomaji anayeijua methali ya uji ataona kwamba hoja ya Arrow ina jamaa wa karibu katika Kiswahili. Mgonjwa haulizwi, kwa sababu kuulizwa kunadai ujuzi na utulivu ambao ugonjwa umekwisha kuuondoa.

Hata hivyo tusiipambe jadi kupita kiasi. Mganga wa jadi naye alitoza. Palikuwa na malipo ya kufungua mkoba, na palikuwa na malipo mengine yaliyongoja mpaka mgonjwa apone. Wako waganga waliotajirika, na wako waliowaibia wateja wao. Kwa hiyo hoja yangu si kwamba zamani uganga ulikuwa bure. Hoja ni kwamba pale ambapo sehemu ya malipo ilifungamanishwa na kupona, mganga na mgonjwa walikuwa na maslahi ya aina moja, japo kwa kiasi. Malipo yanayohesabiwa kwa kila kipimo, kila sindano na kila siku ya kitanda hayana fungamano hilo.

3. Shaw: kosa la mpango

Tamthilia ya George Bernard Shaw iitwayo The Doctor's Dilemma ilionyeshwa kwa mara ya kwanza London mwezi wa Novemba, 1906. Ilipochapishwa mwaka 1911 ilitanguliwa na dibaji ndefu juu ya madaktari, na dibaji hiyo imesomwa pengine kuliko tamthilia yenyewe. Hoja yake kuu ni sahili. Taifa linalompa mpasuaji faida ya fedha katika kuukata mguu wa mtu lisishangae miguu ikikatwa. Shaw hasemi kwamba madaktari ni waovu kuliko watu wengine. Anasema kwamba wamewekwa katika mpango ambao unawalipa kwa ugonjwa, kisha wanatarajiwa kuupenda uzima.

Katika tamthilia, mpango huo unavaa sura za watu. Cutler Walpole ni mpasuaji ambaye kwake maradhi yote ni sumu katika damu, na sumu yote imo katika kifuko kimoja mwilini ambacho yeye hukikata kwa ujira mnono. Shaw hamwonyeshi kama tapeli. Walpole anaamini anachokisema. Hilo ndilo linalotisha, kwamba imani na ujira vimekua pamoja hata mwenyewe hawezi kuvitenga. Upande wa pili yuko Blenkinsop, daktari maskini anayewatibu maskini wenziwe wasiokuwa na cha kumlipa. Yeye mwenyewe anaugua kifua kikuu. Daktari Ridgeon, aliyegundua tiba ya maradhi hayo, ana nafasi ya mgonjwa mmoja tu zaidi, naye inambidi achague kati ya Blenkinsop na mchoraji mwenye kipaji lakini asiye na uaminifu, Louis Dubedat, ambaye Ridgeon anamtamani mkewe.

Wahakiki wengi wamelijadili tatizo la Ridgeon kama tatizo la nafsi: je, bora kuokoa mtu mwema au kuokoa sanaa njema? Kwa maoni yangu usomaji huo unatufanya tumsahau Blenkinsop. Huyu ndiye daktari asiyeuza, na malipo ya kutouza ni mapafu yake. Shaw anatuonyesha kwamba katika mpango wa faida hata mtu mwadilifu hana pa kusimama: ama awe Walpole, ama awe Blenkinsop. Maonyo ya wema hayatatui jambo hili. Shaw, aliyefariki Novemba 1950, aliishi hadi kuuona mwanzo wa huduma ya afya ya taifa nchini Uingereza, iliyoanza tarehe 5 Julai, 1948, na ambayo iliyaondoa malipo mbele ya kitanda cha mgonjwa.

4. Romains: kosa la lugha

Mfaransa Jules Romains alilishika jambo hilo hilo kwa upande mwingine. Tamthilia yake Knock ilionyeshwa Paris mwezi wa Desemba, 1923, na mwigizaji Louis Jouvet akashika nafasi ya Daktari Knock. Knock anafika Saint-Maurice, mji mdogo wa milimani, ambako ameununua utabibu wa Daktari Parpalaid. Anakuta wateja wachache mno, kwa kuwa watu wa huko ni wazima na hawaendi kwa daktari ila kwa nadra. Baada ya miezi 3 mji mzima umelala kitandani, na hoteli ya mji imegeuzwa hospitali.

Knock hatumii dawa kuushinda mji, anatumia maneno. Anampa mpiga mbiu tangazo la kumwona daktari bure asubuhi ya siku ya gulio. Anamtumia mwalimu wa shule kuhubiri habari za vijidudu, na anamvuta mwuza dawa kwa kumwonyesha hesabu ya mapato yatakayokuja. Maswali yake kwa mgonjwa yamepangwa hivi kwamba kila jibu ni dalili. Mtu mzima kwake ni mgonjwa ambaye bado hajajijua. Kwa mintarafu hii Romains ni mwanaisimu kuliko Shaw: ameona kwamba kabla ya kuuza matibabu, huna budi kwanza kumbadilisha mtu jina.

Onyesho moja lafaa kutazamwa kwa makini. Mwanamke wa shamba amekuja kumwona daktari bure. Knock anamtia hofu juu ya anguko la zamani ambalo mwenyewe halikumbuki vizuri, kisha anamwuliza bei ya ndama na ya nguruwe walionona. Anapiga hesabu na kumwambia kwamba tiba itamgharimu kiasi cha nguruwe wawili na ndama wawili. Watazamaji hucheka, na wana haki ya kucheka, kwa sababu daktari amekuwa dalali wa mifugo mbele ya macho yao. Lakini msomaji wa Kenya atakicheka kipande hiki kwa sauti ya chini. Kubadilisha kitanda cha hospitali kuwa ng'ombe, na ng'ombe kuwa kipande cha shamba, ni hesabu ambayo jamaa nyingi hapa zimekwisha kuifanya, tena kwa ugonjwa wa kweli wala si wa kuzuliwa.

5. Mdaiwa asiyekuwako jukwaani

Tukizilinganisha kazi hizi mbili tunaona zinakamilishana. Shaw anasema faida huupotosha uamuzi wa daktari. Romains anasema faida huuzalisha ugonjwa wenyewe. Lakini zote mbili zina pengo moja. Hakuna katika yote mawili mgonjwa aliyetibiwa, akapona, na akashindwa kulipa. Katika Knock deni lenye tarehe ni la daktari kwa daktari: Knock ameununua utabibu kwa mkopo, na Parpalaid anarudi baada ya miezi 3 kupokea fungu lake la kwanza. Wagonjwa hawadaiwi zaidi ya uwezo wao, kwa kuwa Knock ameyachunguza mapato ya kila nyumba na kukadiria matibabu kwa kadiri hiyo. Yule mwanamke wa shamba anatoka jukwaani na hatumwoni tena katika zizi lake tupu. Katika tamthilia ya Shaw wasioweza kulipa wapo katika maneno ya Blenkinsop tu; hawapewi nafasi ya kusema.

Je, hili ni kosa la kisanaa? Sidhani. Satira hulenga mtu aliye juu, na satira hizi zimemlenga vilivyo. Isitoshe, kicheko cha Knock kinahitaji mtazamaji ambaye bado ana ndama. Lakini ni lazima tuseme wazi kwamba mtunzi wetu hawezi kuichukua fani hii kama ilivyo, akabadilisha majina ya watu na ya miji, akadhani amesawiri hali ya kwetu. Hapa kwetu kisa huanzia pale ambapo Knock anateremsha pazia.

Historia inaonyesha hivyo. Mwaka 1965 serikali ya Kenya huru iliondoa ada za wagonjwa wa nje katika vituo vyake. Mwaka 1987 Benki ya Dunia ilitoa waraka ulioshauri nchi zinazoendelea ziwatoze watumiaji wa huduma za afya, na mwezi wa Desemba, 1989, Kenya ikaanza kutoza ada. Sehemu ya ada hizo ilisimamishwa mwaka 1990, kisha ikarudishwa kwa hatua. Utafiti uliochapishwa mwaka 1992 juu ya kliniki moja ya magonjwa ya zinaa mjini Nairobi ulionyesha kwamba mahudhurio yalipungua sana wakati ada ilipotozwa. Mwaka 2004 ada katika zahanati na vituo vya afya zilipunguzwa hadi shilingi 10 na 20, na mwaka 2013 zikaondolewa huko, na huduma ya uzazi katika hospitali za serikali ikatangazwa kuwa bure. Bima ya taifa ya hospitali iliyoanzishwa mwaka 1966 ilikoma, na mpango mpya wa bima ya afya ya jamii ukaanza tarehe 1 Oktoba, 2024. Hatua zimekwenda mbele na kurudi nyuma, lakini tangu 1989 dirisha la malipo halijapata kufungwa kabisa.

Na mbele ya dirisha hilo limezaliwa jambo ambalo Shaw na Romains hawakulichora: kumzuia mtu. Mwezi wa Septemba, 1995 ungekuwa bado mapema mno kulisikia mahakamani. Ilichukua miaka 20 zaidi. Mwezi wa Septemba, 2015, Mahakama Kuu ya Kenya, mbele ya Jaji Mumbi Ngugi, iliamua kesi ya wanawake 2 waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani kwa kushindwa kulipa ada. Mahakama ilitamka kwamba kuwazuia kulivunja haki zao, na ikaamuru walipwe fidia. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Hata hivyo habari za wagonjwa waliozuiliwa, na za maiti zinazokaa mochari zikingoja jamaa wakamilishe malipo, hazijaisha. Hapo ndipo methali inapogeuzwa kichwa chini. Maiti haulizwi sanda, lakini huulizwa risiti.

6. Kuchangia na kuruhusiwa

Nimesema kwamba Romains aliona nguvu ya jina. Hebu sasa tuyatazame maneno mawili ya kwetu.

La kwanza ni kuchangia. Mpango wa kutoza ada ulipoelezwa kwa Kiswahili, hapa na nchini Tanzania ambako ulianza mwaka 1993, ulipata kuitwa kuchangia gharama. Kuchanga, kwa maana yake ya asili, ni kutoa kwa hiari pamoja na wengine, kila mtu kwa kadiri yake, kwa ajili ya jambo au mtu. Katika desturi zetu mfiwa hachangi, huchangiwa; mgonjwa hachangi, huchangiwa. Twasema, "Tumemchangia mgonjwa," na katika sentensi hiyo mgonjwa ni yambwa na sisi ndio kiima. Lugha ya ada imeigeuza sentensi: "Mgonjwa anachangia gharama." Aliyekuwa yambwa amekuwa kiima. Mtu aliyefikwa na janga ndiye anayetajwa kama mfadhili wa janga lake, na hiari iliyomo katika neno imebaki kama pambo, kwa kuwa asiyechangia hatibiwi, au akitibiwa hatoki.

Linalofuata lajulikana kwa kila mmoja wetu. Jamaa hukutana, huunda kamati, humchagua mweka hazina, na siku hizi hutoa namba ya simu ya kupokelea fedha. Kisha ujumbe huzungushwa kwa ndugu, majirani, wafanyakazi wenzi na waumini wenzi. Huo ndio mchango wa kweli. Mgonjwa aliyeitwa mchangiaji na hospitali anachangiwa na watu wake ili aweze kuchangia. Harambee, ambayo ilijenga shule na zahanati baada ya uhuru, imekuwa sasa chombo cha kuwakomboa watu kutoka ndani ya hospitali.

Neno la pili ni kuruhusiwa. Mgonjwa aliyepona husemwa kwamba ameruhusiwa, yaani ameruhusiwa kwenda nyumbani. Wanaisimu tunajua kwamba kauli ya kutendwa humwezesha msemaji kumwacha mtenda bila ya kumtaja. Zamani hapakuwa na haja ya kumtaja, kwa kuwa kila mtu alijua kwamba anayeruhusu ni daktari, na kigezo cha ruhusa ni uzima. Leo swali "Ameruhusiwa na nani?" lina majibu mawili. Daktari anaweza kuwa amemruhusu tangu Jumatatu, na mhasibu akawa hajamruhusu mpaka mwisho wa mwezi. Na mara nyingi kila siku anayokaa kwa kukosa ruhusa ya pili inaongezwa katika bili ileile iliyomnyima ruhusa. Kitenzi ni kimoja, lakini mamlaka ni mawili. Lugha imeweka kofia ya daktari juu ya kichwa cha mhasibu, na kwa sababu hiyo jamaa wengi husema, "Bado hajaruhusiwa," kana kwamba mtu wao bado anaumwa.

Pengine itasemwa kwamba ninawaonea wanaoendesha hospitali. Dawa hununuliwa, wauguzi hulipwa mshahara, mitambo hutengenezwa. Hospitali isiyokusanya fedha itafungwa, na maskini ndiye atakayeumia wa kwanza. Hoja hii ni nzito na siwezi kuipuuza. Yule karani wa dirishani naye ni mwajiriwa, na yamkini hesabu ikipungua hukatwa mshahara. Lakini hoja hiyo inathibitisha kwamba matibabu yana gharama. Haithibitishi kwamba gharama hiyo ni lazima idaiwe kutoka kwa mtu mmoja, siku ambayo ana uwezo mdogo kuliko siku zote za maisha yake. Jamii inaweza kulipa kabla ya ugonjwa, kwa kodi au kwa bima iliyo ya wote, na ndiyo maana halisi ya kuchanga. Wala gharama si kitu kimoja na faida. Shaw aliitenga miwili hiyo zaidi ya miaka 100 iliyopita, na sisi hatuna sababu ya kuichanganya tena.

7. Hitimisho

Nirudi kwa mzee wa dirishani. Sasa tunaweza kusema kwamba hazina yake ya methali haikupungua. Jibu alikuwa nalo: mgonjwa haulizwi uji. Lakini jibu hilo lilikuwa limekwisha kunyang'anywa nguvu kabla hajafika. Kwa kuwa mkewe aliitwa mchangiaji, hakuweza kutetewa kama mgonjwa. Kwa kuwa aliwekwa katika ua wa wakopaji, methali ya ua wa wagonjwa haikuweza kuvuka kumfikia. Karani hakusema uongo. Alisema kweli ya mahali pengine.

Kutokana na haya ningependa kutoa mapendekezo mawili. Kwa watunzi wetu, hasa wa tamthilia: yuko mhusika anayewangoja. Si daktari tapeli, ambaye amekwisha kuchorwa na mabingwa; ni mtu aliyepona ambaye hawezi kutoka, aliyevaa nguo zake za nyumbani, ameketi juu ya kitanda ambacho si chake tena. Kwa watungaji wa kamusi na sisi tunaofundisha: tunapoeleza maana ya mdaiwa tusiridhike kuandika "mkopaji", na tunapofundisha methali ya deni tuwaulize wanafunzi wetu lini inafaa na lini haifai. Aidha kuna kazi ya uwandani ambayo sijaiona ikifanywa kwa utaratibu, nayo ni kukusanya maneno, mafumbo na methali ambazo watu huambizana katika foleni za malipo na katika kamati za michango. Nina hakika kwamba majibu yamekwisha kutungwa huko, na kwamba baadhi yake ni makali kuliko lolote nililoliandika hapa. Wanafunzi wa idara hii wana kalamu na wana masikio, na hospitali haziko mbali.